Ubao wa Bwana Mdogo: namna ya kumsaidia asiyesema kwa mdomo

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Mwembe Tayari, Mombasa, baina ya muuza viatu na mzee wa kahawa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kila kilichonyamaza kina waya uliokatika mahali. Kwa hivyo mwana wa dadangu alipofika miaka saba bila kutamka neno, nilitafuta dawa kwa njia ninayoijua. Nikapata tableti ya mtumba, nikaibadilisha kioo, nikaipakia programu ya picha zinazotoa sauti, nikamwekea mapajani. "Haya," nikamwambia, "sema." Akaitazama, akanitazama mimi, akacheka. Wiki ya pili tableti ilikuwa ya katuni.

Hiyo ni miaka minne nyuma. Bwana Mdogo, ndivyo tunavyomwita nyumbani Kisauni, ana mtindio wa ubongo. Anasikia vyema, anaelewa kila kitu hata yale tunayonong'onezana, ila misuli ya mdomo na ya mikono haimtii. Sasa anasema mengi, na mengine heri angeyanyamazia. Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi hunijia mtu kibandani ameshika tableti mpya, aniambie "nitilie ile programu ya mtoto aseme," kana kwamba ananunua laini ya simu. Kuitia programu ni dakika tano. Kazi iliyobaki ni ya watu wa nyumbani, na ndiyo nitakayoieleza.

Kabla hujanunua chochote

Chukua daftari la shule ukae na mtu wako wiki moja. Kila afanyapo kitu kinachofanana na ujumbe, andika: amefanya nini, mbele yake palikuwa na nini, kisha kikafuata nini. Kugeuza uso, kukaza mguu, mguno wa namna fulani, kicheko ambacho sababu yake huioni. Dadangu alikataa kuandika. Alisema yeye ni mama, anamjua mwanawe.

Basi nikaandika mimi. Kila asubuhi tulikuwa tukimpa mahamri kwa mbaazi, na kila asubuhi akikodoa macho upande wa birika, nasi tukimjazia chai. Siku tatu mfululizo niliandika kwamba chai haimalizi. Siku ya nne nikaliondoa birika mezani. Macho yakaenda palepale. Nyuma ya birika kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha watoto wenziwe wakipita kwenda shule. Sijui ni vikombe vingapi vya chai alivyonyweshwa kwa kutaka kwenda shule.

Katika daftari hilo tafuta kwanza "ndiyo" na "la" yake. Karibu kila mtu anayo, hata kama ni ndogo. Ya Bwana Mdogo ni kuinua macho juu kwa ndiyo, na kugeuza shingo upande wa kushoto kwa la. Ukishaipata, ijaribu kwa maswali ambayo jibu lake mnalijua nyote wawili, kisha itangaze. Sisi tuliandika kibao kidogo tukakifunga kwenye kiti chake cha magurudumu: "Nikiinua macho ni ndiyo. Nikigeuza kichwa ni la. Nipe muda." Dereva wa tuktuk anayempeleka shule amekisoma, na sasa humuuliza mwenyewe anataka dirisha la upande gani badala ya kumuuliza mamake.

Mpeleke akapimwe masikio na macho. Ukimwonyesha picha mwaka mzima kumbe hazioni, mtapoteza mwaka. Vile vituo vya tathmini ya elimu maalum, watu huviita EARC, ni mahali pazuri pa kuanzia kama mtoto hajaingia shule.

Utakutana na watu wawili wa kukukatisha tamaa. Wa kwanza atasema mtoto hayuko tayari. Shule moja tuliyokwenda ilituambia turudi akishajua kutulia na kulinganisha picha, ndipo aanze "mambo ya mashine." Dadake tulimsemesha tangu yuko kwenye nepi, hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kusemeshwa. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha Ishara, Breli au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Nakala ya ukurasa huo iko kwenye mkoba wa kiti chake. Nimeitoa mara mbili, na mara zote mbili sauti ya upande wa pili ilishuka.

Wa pili atasema ukimpa picha atakuwa mvivu wa kusema. Hili lilimtisha dadangu kuliko lote. Mwaka 2006 watafiti Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwapo juu ya jambo hili hasa. Katika watu 27 ambao habari zao zilikuwa na ushahidi wa kutosha, hapakuwa hata mmoja aliyepungukiwa na usemi wa mdomo baada ya kupewa njia nyingine, na wengi wao uliongezeka. Bwana Mdogo mwenyewe hutoa "ma" na "ba" zaidi sasa kuliko zamani, pengine kwa sababu hana tena haja ya kupiga kelele kwanza.

Karatasi kwanza

Mamangu hakuupenda mpango huu. "Mtoto wa watu aseme kwa picha, kwani yeye kitabu?" Nikamkumbusha ile leso aliyomvalia jirani wiki nzima, na jirani akaupata ujumbe bila mtu kufungua kinywa. Akanifukuza jikoni, lakini ubishi ukaisha.

Anza na ubao wa karatasi, yaani ukurasa wa picha anazozigusa ili aseme, hata kama una pesa ya tableti. Karatasi haiishiwi chaji, haipotezi mtandao, na ukikosea maneno utatupa ukurasa mmoja tu. Picha utazipata bure kwa ARASAAC, hazina ya serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania. Zimechorwa na Sergio Palao, ni maelfu kwa maelfu, na ruhusa yake ni kuzitumia mradi husemi ni zako na huziuzi. Pale palipo na kitu cha kwetu, piga picha mwenyewe kwa simu: kikombe chake, tuktuk ile ile, mbuzi wa mtaani, nyanyake akiwa na leso. Mchoro wa mkate wa Ulaya haumwambii kitu mtoto aliyekulia mkate wa mofa.

Panga vyumba ishirini vya picha kwa karatasi ya A4, visizidi kama mkono unatetemeka. Peleka saiba wakuchapie rangi na kuutia plastiki juu. Hapa kuna mambo mawili niliyoyajua baada ya kulipa. Plastiki inayong'aa, ukitoka nayo kwenye jua letu, inakuwa kioo: mtoto anaona mawingu. Omba isiyong'aa, au upitishie msasa laini mno kama nilivyofanya mimi. Na zile pembe nne ni visu. Zikate mviringo kwa mkasi kabla hazijamchoma mtu jichoni.

Kisha usihamishe neno mahali pake. Hili nalisisitiza kwa sababu kila mtu hupenda kupanga upya ili papendeze. Mkono hujifunza njia kama unavyoijua swichi ya taa gizani. Ukiongeza maneno, yaongeze kwenye nafasi ulizoziacha wazi. Wengi hupaka rangi kwa aina ya neno, watu njano, vitendo kijani, na hiyo husaidia jicho kufika haraka.

Maneno yenyewe, na ugomvi wa sarufi

Kosa la kila mtu, nami nimo, ni kujaza ubao vyakula. Embe, ndizi, samaki, juisi, biskuti. Mtoto akawa na uwezo wa kuagiza kama yuko hotelini, na hana la kusema sahani ikishaondoka. Hebu jisikilize mwenyewe kwa saa moja uone ni maneno gani unayorudia: bado, tena, basi, ngoja, haya, hapa, pale, kwa nini, nani, mwengine, pia. Hayo ndiyo ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu hutumika jikoni, msikitini, shuleni na kwenye feri ya Likoni vilevile. Vyakula viwe ukurasa wa nyuma.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Programu nyingi zilibuniwa kwa Kiingereza, ambako maneno yanasimama kila moja peke yake. Mtu huchukua ubao huo akautafsiri neno kwa neno, na mtoto anaishia kusema "mimi kutaka maji," kama mtalii aliyeshuka jana Bamburi. Kwetu mtu, wakati na kitendo vimeshonwa pamoja, na kukataa hubadilisha mwanzo wa neno. Sitaki si "si" na "taka" zilizokutana njiani.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Ukurasa wa kwanza una maneno yaliyokwisha kushonwa, mawili mawili, jirani kwa jirani: nataka na sitaki, naenda na siendi, napenda na sipendi, nimemaliza na bado. Upande wa kuamrisha: nipe, njoo, acha, ondoa, nisaidie, niangalie. Hayo yanamtosha anayeanza. Alipozoea, mwaka wa pili, tukamtengenezea ukurasa wa vipande: ni, u, a, tu, m, wa upande wa kushoto, kisha na, li, ta, me katikati, halafu mashina ya vitendo. Anaonyesha a, li, vunja, nawe unayemtazama ndiye unayeyaunganisha kwa sauti, "alivunja?", naye anathibitisha kwa macho. Ni polepole. Lakini siku alipoweza kusema kitu alichokifanya mtu mwengine, jana, asubuhi, nilijua tumetoka kwenye kuagiza chakula.

Tumia ubao wewe kwanza

Hiki ndicho kiini, na ndicho wanachokiruka. Mtoto yeyote husikia maneno kama mwaka mzima kabla hajatoa lake la kwanza. Wako huyu ameona mtu akisema kwa ubao siku ngapi? Tuliweka ubao mbele yake na kumngojea yeye aanze, wakati hapakuwa na mtu hata mmoja nyumbani aliyewahi kuutumia mbele ya macho yake.

Mwalimu wa kweli wa jambo hili aligeuka kuwa mamangu, yule aliyepinga. Alibandika ubao mmoja ukutani jikoni, karibu na jiko, na mpaka leo una alama za vidole vya unga. Akikaanga mahamri, mtoto yuko kitini mlangoni. Mama anaweka hamri mafutani, anagusa "bado" huku akisema, "Bado, bado halijafura." Anageuza. Anagusa "bado" tena. Likifura anagusa "tayari," analitoa. Anagusa "tena," anatia jengine. Hamuulizi mtoto lolote. Hagusi kila neno, anagusa lile zito tu, moja au mawili, na sentensi nyingine anaimalizia mdomoni kama kawaida. Anafanya hivyo kwa kuwa anakaanga, si kwa kuwa ni saa ya mafunzo.

Ukitaka kujua unakosea, hesabu maswali yako. "Embe iko wapi? Nionyeshe embe. Gusa embe." Huo ni mtihani, na wewe ukifanyiwa mtihani kila ukikaa mezani utaususia hata ubao wa dhahabu.

Akigusa chochote, hata kwa bahati mbaya, mjibu kama amekusudia. Kiwiko kikiangukia "toka," inuka utoke chumbani, urudi. Atajua neno lina nguvu. Na umpe muda. Sisi watu wa pwani kimya hatukiwezi, mtu akinyamaza tunamjazia. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, ukifika kumi anza upya, na wakati huo tazama ubao, usimkodolee macho usoni. Hakikisha pia amekaa sawa: nyonga nyuma ya kiti, miguu ina pa kukanyaga. Miguu inayoning'inia humfanya atumie nguvu zote asianguke, mkono ukakosa.

Ilichukua miezi minne. Neno la kwanza alilolitoa mwenyewe, bila mtu kuuliza, lilikuwa "basi." Nilikuwa naimba.

Mkono ni wake

Hapa nina aibu yangu. Mwaka ule wa kwanza, kwa kuwa mkono wake unatetemeka, nilikuwa nikimshika kifundo cha mkono "kumtuliza" aelekeze. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Siku ya Idi, nyumba imejaa, mkono wetu ukapita ubaoni: napenda, nyanya, pia, mama. Watu wakalia. Shangazi mmoja akanitunza noti.

Dadangu hakulia. Jioni akamchukua mwanawe chumbani, akafunga mlango, akatoka naye. "Nimemwonyesha kitu kimoja na kumnusisha. Muulize ni nini." Kwenye ubao palikuwa na embe, ndizi, ndimu na samaki. Nikamshika mkono, nikahisi kabisa anaelekea, tukaangukia embe. Ulikuwa msimu wa embe, nyumba nzima inanuka embe. Kilikuwa ndimu. Tukarudia mara sita kwa vitu tofauti, tukapata kimoja. Mkono ulikuwa ukienda kule ninakofikiri mimi, na wallahi sikujua kwamba nausukuma.

Baadaye nikasoma kwamba jambo hili lina historia ndefu. Njia ya kumshika mtu mkono ili aandike ilienea sana miaka ya 1990, na ilipopimwa kwa majaribio kama lile la dadangu, kila mmoja akiulizwa kitu mwenziwe asichokijua, maneno yalikuwa ya msaidizi. Chama cha wataalamu wa tiba ya usemi cha Marekani, ASHA, kilitoa tamko 2018 kusema isitumiwe. Kwa hivyo usimshike kidole, kiganja, wala kiwiko. Shika ubao, utie mteremko, uusogeze karibu, umtafutie kiti bora, umpe njia nyingine ya kuchagua. Usiku ule niliweka ubao mezani nikarudisha mikono yangu nyuma. Ilimchukua karibu dakika nzima. Ngumi yake ikatua kwenye ndimu.

Sasa, tableti

Hapa niko nyumbani. Kwa mkono usiotulia chukua ya inchi kumi, kwa anayetembea nayo hata nane inatosha. Ukinunua ya mtumba, ijaze chaji dukani uchezeshe video nusu saa ukitazama betri inavyoshuka, kisha itoe nje barabarani, tuktuk zikipita, usikilize kama sauti yake inasikika. Haitasikika. Spika ndogo ya Bluetooth ifungwe kwenye mkono wa kiti. Hewa yetu ya chumvi hula tundu la chaja, kila siku natoa kutu ya kijani kwenye vyuma hivyo, na mate humalizia kazi. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti usafishe mara moja kwa mwezi tableti ikiwa imezimwa, na usiichaji ikiwa na unyevu.

Programu zipo za bei ya kutisha na zipo za bure. Tunayotumia sisi ni Cboard, ya bure, iliyopata msaada wa UNICEF, na inakuruhusu kutumia picha zile za ARASAAC. Kwa yoyote utakayochagua, angalia mambo matatu: inafanya kazi bila intaneti, inakuruhusu kubadilisha maandishi yote yawe ya kwako, na inakuruhusu kurekodi sauti. Simu za Android zina sauti ya Kiswahili ya kusoma maandishi, lakini husoma kama taarifa ya habari. Mara ya kwanza nilirekodi sauti yangu mimi, na mtoto wa miaka saba akawa anadai maziwa kwa sauti ya mwanamume wa miaka arobaini. Tukamwomba binamuye, wanalingana umri, akarekodi maneno yote kwa siku mbili, akalipwa kwa viazi karai.

Binamu huyo ndiye aliyevunja mtungi wa mamangu mwaka jana. Wote wakanyamaza. Bwana Mdogo akagusa picha ya binamuye, kisha "amevunja." Kwa vile jina na neno vyote alivirekodi mwenyewe, mshtakiwa alisikika akijitaja kwa sauti yake, mbele ya nyanyake, kwa spika.

Ingia kwenye mipangilio ya ufikivu. Tableti nyingi zina pa kuamua kidole kikae muda gani kabla ya kuhesabiwa, na pa kupuuza mguso unaorudiwa. Kwa mkono unaotetemeka haya mawili hubadilisha kila kitu. Bandika programu kwenye skrini ili asitoke kwa bahati mbaya. Kwa Bwana Mdogo niliongeza kifuniko cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ile ya mabango, nikawaambia watoboe tundu juu ya kila picha. Sasa huegemeza kiganja na kuteleza mpaka kidole kiingie tunduni.

Kama mkono hauwezi kabisa, tumia swichi moja. Picha huwaka moja moja kwa zamu, naye hubonyeza ile anayoitaka ikiwaka. Swichi za dukani ni ghali. Mimi nilifungua kibodi kuukuu ya USB, nikauunga waya kwenye mguso wa kitufe kimoja, nikaupeleka kwenye kitufe kikubwa cha kengele ya mlango, kisha kibodi ikaingia kwenye tableti kwa kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomekea USB. Kuna huduma ya swichi kwa Android, unaiambia tu kwamba kitufe hicho ndicho. Weka kitufe penye msuli unaotii: goti, kichwa, kidole gumba cha mguu. Stephen Hawking, aliyepoteza sauti yake 1985, miaka yake ya mwisho alikuwa akichagua maneno kwa kutikisa shavu.

Tableti ya kusemea iwe ya kusemea. Katuni zikae kwenye kifaa kingine. Na usiichukue kwa adhabu, hata akitukana nayo. Mtoto anayesema kwa mdomo akitukana humkati ulimi, unamkanya. Ukienda bustani ya Mama Ngina au ufukweni, tableti ibaki, ubao wa plastiki uende. Mchanga siwezi kuutengeneza.

Maneno ambayo watu husahau

"Shikamoo." Kwa miaka Bwana Mdogo alipitishwa mbele ya wazee barazani akaonekana mtoto asiye na adabu, kwa kuwa hakuamkia. Siku ya kwanza kibandani alipobonyeza, mzee wa kahawa akajibu "Marahaba," kisha akachungulia nyuma ya kiti kumtafuta aliyesema. Weka na bismillahi, au amina, kulingana na nyumba. Weka utani. Weka "nimechoka nawe."

Weka maumivu: ukurasa mmoja wenye umbo la mwili mzima, na maneno inauma, inawasha, tangu jana, zaidi. Na katika umbo hilo usiruke sehemu za siri, zitie kwa majina yake, pamoja na "sitaki kuguswa," "ameniumiza" na "mwite mama." Ni jambo zito kuliandaa, dadangu alilia tukilifanya. Asiyeweza kusema ndiye anayelengwa na wabaya, kwa hesabu kwamba hatasema.

Kwa mtu mzima aliyepatwa na kiharusi mambo ni tofauti kidogo. Jirani yetu aliyefanya kazi bandarini alipewa ubao wa picha za watoto, akautupa, na haki yake. Mpe picha halisi za watu wake na mahali pake, muandikie machaguo mawili au matatu kwa kalamu nene aonyeshe, usimpigie kelele kama kiziwi, wala usitegemee herufi peke yake kwa sababu kiharusi huweza kugusa hata kusoma. Yeye sasa ana kurasa nne, moja nzima ni ya mpira.

Jambo la mwisho ni la kifundi. Kila ukiongeza maneno, hifadhi nakala ya ubao nje ya tableti. Mwaka juzi niliifuta tableti nzima ili iwe nyepesi, mimi mwenyewe, fundi, nikafuta na kurasa kumi na tisa pamoja na sauti zote za binamu, ambaye safari hii alidai shawarma. Nakala yetu sasa iko kwenye simu ya dadangu, na nyingine kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya mkebe wa karafuu, rafu ya juu, jikoni kwa mama.